Kituo cha watoto kikaguliwe saa saba mchana

Mzazi anayetafuta kituo cha kulelea mtoto Arusha au Moshi mara nyingi huambiwa aje asubuhi, saa tatu hivi. Saa tatu kila kituo kinapendeza. Watoto wameshakunywa uji, nyuso zimepanguswa, wimbo wa herufi umekolea, sakafu inanukia dawa na mmiliki mwenyewe yupo getini. Mzazi ataonyeshwa ukuta uliochorwa katuni, bembea mbili, na picha za mahafali ya mwaka jana, watoto wa miaka minne ndani ya majoho. Muda si mrefu ameshalipia fomu.

Yale yatakayoamua kama mtoto atakuwa salama yanatokea saa saba mchana. Chakula kimeisha, vyombo vinaoshwa, baadhi wamelala, wengine wanalia, wawili wamejisaidia kwa wakati mmoja, na mmiliki ametoka kwenda benki. Hapo idadi ya walezi, maji, choo, jiko na geti vyote vinapimwa kwa mpigo. Kwa hiyo nenda asubuhi kama ulivyoalikwa, ni adabu, kisha rudi siku nyingine saa saba bila kupiga simu. Kituo kina haki ya kukuzuia usizunguke katikati ya watoto waliolala. Hakina sababu ya kukuacha umesimama nje ya geti robo saa huku ndani unasikia mikeka inakimbizwa.

Ukishaingia, hesabu. Hesabu watoto, kisha hesabu watu wazima ambao muda huo hawana kazi nyingine mkononi zaidi ya watoto. Mpishi haingii kwenye hesabu. Mlinzi haingii. Dada anayepiga deki haingii, hata kama mmiliki amekutajia jina lake kama "mwalimu". Wanaobaki ndio walezi halisi wa saa hiyo. Gawanya kwa umri pia: watoto kumi wa miaka minne ni kazi nyingine kabisa na watoto kumi wasiojua kutembea. Uingereza, kwa mfano, kanuni ni mlezi mmoja kwa watoto watatu walio chini ya miaka miwili. Hapa kwetu ni nadra kukuta hivyo, na sababu yake inajulikana kwa hesabu ya kawaida tu.

Tuseme ada ni shilingi 60,000 kwa mwezi, chakula kikiwemo. Ukikadiria chakula cha mtoto kuwa shilingi 1,000 kwa siku, siku 22 ni 22,000. Zinabaki 38,000. Mlezi mwenye watoto watatu anakuwa analetewa 114,000, na hapo bado hujagusa kodi ya nyumba, maji, gesi, sabuni wala faida ya mwenye kituo. Kwa ada hiyo, mlezi lazima apewe watoto kumi au kumi na wawili, hakuna ujanja mwingine. Mmiliki anayekuahidi ada ya chini na mlezi mmoja kwa wachanga watatu anakudanganya kwenye kimojawapo. Ndiyo maana ushauri wa kweli kwa mwenye kipato cha kubana ni kubana kwenye chekechea, mtoto akishajua kutembea, kusema na kuomba choo, na kutobana wakati wa uchanga. Mama jirani anayelea watoto watatu sebuleni kwake Pasua au Sombetini, unayemjua na majirani wanamjua, anaweza kuwa bora kwa mtoto wa miezi mitano kuliko jengo lenye bembea na wachanga kumi na wanne kwa dada mmoja.

Kuna kipimo kingine cha idadi ambacho hakihitaji kalamu. Angalia madirisha. Nyumba nyingi za vituo zilijengwa kama makazi, kwa hiyo kila dirisha lina nondo. Ikizuka moto jikoni, njia ni mlango wa mbele na mlango wa uani. Mlango wa uani mara nyingi umefungwa kwa kufuli, na nyuma yake kuna magunia ya mkaa, baiskeli mbovu na jaba la maji. Uliza ufunguo uko wapi, kisha uombe ufunguliwe. Halafu angalia chumba cha wachanga na ujiulize mlezi mwenye mikono miwili atawatoa wangapi kwa mara moja.

Kwenye chumba cha kulala, mtoto wa chini ya mwaka mmoja alazwe chali, kwenye godoro gumu, bila mto na bila blanketi zito karibu na uso. Arusha ya Juni na Julai inafanya hili kuwa gumu, kwa sababu walezi wanaona huruma na kuwafunika watoto gubigubi. Mtoto avalishwe: soksi, suruali ya ndani, sweta. Mavazi hayampandi usoni akijigeuza. Na ukikuta jiko la mkaa limewekwa ndani "kuondoa baridi", mazungumzo yaishie hapo. Mkaa unaoungua kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki kukwambia.

Usingizi wenyewe nao una habari. Watoto ishirini wa umri tofauti hawalali wote kwa pamoja, fofofo, saa mbili mfululizo, bila hata mmoja kuomba maji. Wapo walezi wanaotumia dawa za mafua na mzio zinazosinzisha, Piriton na jamaa zake, ili mchana upite kwa amani. Ukimchukua mtoto saa kumi na moja jioni bado amelegea, macho mazito, na usiku anakesha, na hali hiyo ikajirudia siku kadhaa, uliza waziwazi amepewa nini, kisha mpeleke akaangaliwe. Kanuni ya kituo kizuri kuhusu dawa ni fupi: haitolewi dawa yoyote ambayo mzazi hakuileta na kuiandikia jina la mtoto, kipimo na saa, na mlezi anaandika kila anapoitoa.

Sasa choo. Usiulize "mnazingatia usafi?" maana hakuna atakayejibu hapana. Uliza: "Dada, mtoto akijisaidia kwenye pampasi, mnambadilishia wapi?" Kisha kaa kimya uonyeshwe. Unatafuta sehemu moja maalumu, mbali na chakula, yenye kitu kinachofutika kama mpira, pipa lenye mfuniko, na maji yanayotiririka umbali wa hatua chache. Ndoo yenye koki inatosha kabisa. Beseni moja la maji ambamo watoto kumi na watano wanachovya mikono kabla ya kula halinawishi mtu; linagawa uchafu wa mmoja kwa wote, na ndiyo njia ya haraka ya kuharisha kuenea kituo kizima. Angalia pia maji yaliyohifadhiwa. Mtoto anayejifunza kusimama anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita tano tu, kwa sababu kichwa chake ni kizito na akitumbukia hana nguvu ya kujiinua. Ndoo na madiaba yasiyo na mfuniko uani, hasa siku maji ya bomba yakikatika na kila chombo kimejazwa, ni hatari kubwa kuliko bembea.

Jikoni tukae kidogo, maana ukanda huu una jambo lake.

Maji ya maeneo mengi ya miteremko ya Mlima Meru yana madini mengi ya floraidi. Meno ya kahawia ya watu waliokulia huko kila mtu anayajua, na pale kiwango kinapozidi sana hata mifupa ya miguu hupinda. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kudumu hujijenga ndani ya fizi tangu uchanga hadi miaka minane hivi, yaani miaka ileile mtoto anayokaa kituoni. Kosa linalorudiwa ni kudhani kuchemsha kunasaidia. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi inabaki palepale, na maji yakipungua kwa mvuke kiwango chake kwa lita kinapanda. Chujio la kawaida la mishumaa nalo haliiondoi. Kinachoiondoa ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, teknolojia iliyofanyiwa kazi miaka mingi kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, na mkaa huo hubadilishwa ukichoka. Kwa hiyo kwenye kituo cha Usa River, Maji ya Chai au Ngaramtoni, swali ni "maji ya kunywa na ya uji yanatoka wapi, na yamepimwa lini?" Kama ni kisima cha uani na hakuna karatasi ya vipimo, mwekee mtoto chupa yake kutoka nyumbani. Mtoto mchanga anayekunywa maziwa ya kopo yanayokorogwa kwa maji hayo ndiye anayeingiza nyingi zaidi ukilinganisha na uzito wake.

Moshi wana nafuu ya maji, lakini magadi yanawafuata. Maharage, kande na kiburu (ndizi zilizopikwa na maharage) vikitiwa magadi huiva upesi na kuokoa gesi, na mpishi wa kituo ana sababu zote za kuyatumia. Magadi mengi ya kienyeji yana floraidi pia. Waombe waloweke maharage usiku kucha. Yanaiva vizuri, na wala hawatapoteza kitu.

Uji wa lishe unaosifiwa kila mahali uangaliwe unga wake. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu hushika ukungu unaotoa sumukuvu, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Unga unaochanganya nafaka saba hauna ubora wowote wa ziada kama karanga zake zilichaguliwa na mtu asiyetupa zilizosinyaa na kubadilika rangi. Karanga nzima, pipi ngumu na vipande vya soseji vilivyokatwa duara havitakiwi kwa walio chini ya miaka minne kwa sababu vinaziba koo. Maziwa ya ng'ombe yachemshwe, hata kama ng'ombe ni wa mmiliki mwenyewe na anamsifia. Mtori, ukiwa umepondwa vizuri, ni chakula kizuri kuliko nusu ya vitu vinavyouzwa kwa jina la lishe. Na ratiba ya chakula iliyobandikwa ukutani uisome, halafu ufunue sufuria. Kama ukuta unasema Jumatano ni samaki na sufuria inasema maharage, basi ndivyo na karatasi nyingine za kituo zinavyosomeka.

Kwa mama anayenyonyesha, tarehe zinabana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inaruhusu hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ukirudi kazini. Ukianza likizo wiki nne kabla ya kujifungua, mtoto anaingia kituoni akiwa na wiki nane tu. Maana yake amepata chanjo za wiki ya sita, lakini za wiki ya kumi na ya kumi na nne bado. Kama kazi yako iko karibu, zile saa mbili zina thamani kuliko umaarufu wa kituo cha mbali: chagua kilicho karibu na kazini, siyo karibu na nyumbani. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa salama muda wa saa nne kwenye joto lisilozidi nyuzi 25, na siku nne kwenye friji. Moshi ya Januari na Februari mchana inavuka nyuzi 25, kwa hiyo yasafiri kwenye kibegi chenye barafu na yaingie kwenye friji mara yanapofika. Uliza umeme ukikatika wanafanyaje. Chupa ambayo mtoto ameanza kuinyonya itumike ndani ya saa mbili, kinachobaki kimwagwe. Na kila chupa iwe na jina na tarehe, maana kituoni chupa zote zinafanana.

Kituo kisichokuomba kadi ya kliniki hakijawaomba na wengine. Hilo peke yake linakwambia kwamba hakuna anayejua nani hajapata chanjo ya surua ya miezi tisa na ya miezi kumi na minane. Uliza pia kanuni ya ugonjwa. Mwenye kuharisha abaki nyumbani hadi saa 48 zipite bila kuharisha, mwenye tetekuwanga hadi malengelenge yote yakauke. Utakuja kuichukia kanuni hii siku itakapomkuta mwanao na bosi anakusubiri, lakini kituo kinachopokea kila mtoto katika kila hali kinakurudishia ugonjwa kila mwezi. Mapunye na upele huenezwa na vitana, kofia na magodoro ya kushirikiana. Kila mtoto awe na shuka lake, liende nyumbani kufuliwa Ijumaa.

Kuhusu karatasi: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo cha kulelea watoto mchana kisajiliwe, na mlango wa kuulizia ni ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Leseni ya biashara iliyotundikwa mapokezini haithibitishi usajili. Usajili wa shule yenye darasa la awali nao ni mfumo mwingine, uko upande wa elimu, hivyo shule inaweza kuwa halali na chumba chake cha wachanga kisiwe na kibali. Ujue pia uende halmashauri ipi. Ngaramtoni haiko Jiji la Arusha, iko Halmashauri ya Wilaya ya Arusha. Usa River ni Meru. Kibosho ni Halmashauri ya Wilaya ya Moshi wala siyo Manispaa. Cheti hakimbadilishii mtoto pampasi, lakini asiye nacho hakuna afisa aliyewahi kumkagua jiko.

Saa ya pili ya kukagua ni saa kumi na mbili jioni. Wazazi wanaofanya kazi hotelini, kwenye utalii na sokoni Kilombero au Mbuyuni huchelewa kila siku, na kituo kinajua. Walezi wengi wanaondoka saa kumi na moja kuwahi Haisi. Anayebaki na watoto watatu wa mwisho ni nani? Jibu likiwa mlinzi, au kijana wa mmiliki aliyerudi kutoka shule, tafuta kwingine. Hapa hatuzungumzii tabia ya mtu fulani, tunazungumzia mtu mmoja peke yake na mtoto, nyuma ya mlango, bila jicho la pili. Kanuni hiyohiyo iwe chooni mchana: mlango wazi, mlezi mwingine anasikia. Mtoto akirudi na maumivu sehemu za siri, au ghafla akaogopa mtu mmoja hasa, usianze na mmiliki. Mpeleke hospitali na uende Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

Kumkabidhi mtoto kuwe kwa maandishi: majina ya wanaoruhusiwa kumchukua, picha na namba zao za simu. Jaribu kanuni hiyo mara moja. Mtume shangazi yake ambaye hayumo kwenye orodha. Wakimpa mtoto kwa sababu "anamjua, alimkimbilia", umeshapata jibu.

Usafiri wa kituo, kama unaweza kuukwepa, ukwepe. Gari la viti kumi na vinne linabeba watoto ishirini na watano kwa sababu "ni wadogo". Wakati wa masika barabara za pembezoni zinakatwa na makorongo yanayojaa kwa dakika chache, na Aprili 2024 gari la wanafunzi lilisombwa hivyohivyo jijini Arusha, watoto wakapoteza maisha. Usipoweza kuukwepa, dai mambo mawili: mtu mzima wa pili ndani ya gari zaidi ya dereva, na ahadi ya maandishi kwamba mvua kubwa ikinyesha gari halivuki korongo, watoto wanarudishwa kituoni hata iwe saa mbili usiku.

Masomo? Mtoto wa miaka miwili na nusu haletewi daftari la kuandika a, e, i, o, u. Vidole vyake bado. Kizungu cha ukutani hakimfundishi lugha kama mlezi anayezungumza naye wakati wa kumvalisha. Televisheni iwe imezimwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka walio chini ya miaka miwili wasiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku.

Ukishachagua, omba wiki ya kumzoeza: siku ya kwanza saa moja ukiwepo, ya pili saa moja haupo, kisha nusu siku. Kati ya miezi kumi na mwaka mmoja na nusu watoto hulia zaidi wakiachwa, hiyo ni kawaida; muage akikuona, usimtoroke akigeuka. Kilio cha getini kinachokatika dakika kumi baadaye hakina tatizo. Kinachotia shaka ni mtoto aliyezoea, wiki ya sita au ya nane, akaanza kukataa kula, kukojoa kitandani upya au kushtuka anapoguswa. Hadi wiki hizo zipite, lipa kwa mwezi, hata kama anayelipa kwa muhula anapewa punguzo, na risiti iandikwe ada, chakula na usafiri kila kimoja peke yake. Fomu iseme notisi ya kuondoka ni siku ngapi na pesa ipi inarudi. Fomu nyingi zinasema "ada hairudishwi" na kuishia hapo. Pale chini andika kwa mkono mlichokubaliana kuhusu chakula na usafiri, msaini wote wawili, na wewe ubaki na nakala.